Ndoo ya Vyeti

Mwalimu ninayetaka kumweleza alikuwa na ndoo ya plastiki yenye mfuniko wa bluu, na kwa miaka yote aliyokaa uani kwetu sikuwahi kuiona ikitiwa maji. Ndani yake mlikuwa na bahasha ya kaki, ndani ya bahasha mfuko wa nailoni, na ndani ya mfuko karatasi zake. Panya wa kwetu wanakula hata sabuni, na bati la chumba alichopanga lilikuwa limetoboka sehemu mbili, kwa hiyo hakuiamini sehemu nyingine yoyote. Mvua ya kwanza ya mwaka ikitukuta na korosho zimeanikwa, kila mtu alijua cha kuokoa. Mama alikimbilia korosho, mimi nilikimbilia vifaranga, na yeye alitoka chumbani ameikumbatia ndoo yake, akaja kusimama nayo jikoni kwetu mpaka mvua ikatike.

"Mwalimu, si uiweke chini?" mama alimwuliza siku moja.

"Mama, huko chini kuna moto, kuna kuku, halafu kuna huyu," akaninyooshea kidole mimi. "Nitasimama nayo tu."

Kijiji chetu, upande wa Mbekenyera, kilimwita mwalimu wa kujitolea. Shule yetu ya msingi ilikuwa na madarasa saba na walimu wa serikali wanne, na kamati ya shule ilimwomba aje kuziba pengo kwa muda. Muda wenyewe ukawa miaka kumi na miwili. Wazazi walimchangia mahindi, mbaazi na ufuta, na msimu wa korosho ukienda vizuri walimnunulia kitenge. Juu ya hayo hakulalamika. Kilichomuumiza kilikuwa kitu kidogo ambacho nilichelewa kukigundua. Kwenye arusi au maulidi, msemaji akitambulisha wageni alisema, "Walimu wetu wapo, karibuni sana." Halafu anapumua. "Na mwalimu wetu wa kujitolea naye yupo." Kila mara alitajwa peke yake, mwishoni, kama mtu aliyefika amechelewa. Alisimama, akapunga mkono, akatabasamu. Akirudi nyumbani alifua nguo ambazo hazikuwa chafu.

Darasani sikumjua mtu mwingine kama yeye. Alifundisha Hisabati kwa korosho mbichi za kwenye maganda, zile ambazo ukizitia mdomoni mafuta yake yanakuunguza midomo, kwa hiyo hakuna mtoto aliyezila. Alizimwaga mezani, akatuita watano watano. "Hizi ni za bibi yako. Ana wajukuu sita na hataki ugomvi. Mgawie." Tuligawa. Zikibaki mbili alituuliza tufanye nini na zile mbili, na hapo ndipo darasa lilipochangamka, maana kila mmoja alikuwa na rai yake juu ya bibi yake. Mtoto mmoja alisema abaki nazo bibi mwenyewe, apande. Mwalimu akaandika ubaoni: baki mbili, bibi atapanda. Mpaka leo nikigawa kitu nyumbani na kikabaki, naiona ile sentensi.

Mimi nilikaa nyuma kabisa, karibu na dirisha lisilo na shata, kwa sababu niliogopa kuulizwa. Hakunilazimisha kwenda mbele. Aliniita "wewe wa nyuma", na jina hilo likanibakia hata nilipokuwa mkubwa. Siku nilipoitwa kusoma kwa sauti, wenzangu walicheka kwa jinsi nilivyokwenda neno moja moja kama mtu anayevuka mto kwa mawe. Aligonga meza.

"Mwacheni. Nyie mnafika haraka na nusu ya maneno. Huyu atafika na maneno yote."

Sikujua kama hilo lilikuwa sifa au pole. Nilikaa chini nikiwa nimelowa jasho.

Msimu wa korosho watoto wa kwetu wanasinzia darasani. Wanaamka kabla ya alfajiri kwenda kuokota, kisha wanakimbilia shule na mikono inanuka mabibo. Walimu wengine walikuwa na fimbo kwa ajili ya hilo. Yeye alikuwa na miche. Kando ya ukuta wa shule, upande wa jua, alipanda mstari mrefu wa miche ya miti, kila mtoto mmoja, na pembeni pipa la maji na kopo lililofungwa kwa kamba. Ukisinzia hakukupigia kelele. Alisema tu, kwa sauti ileile aliyokuwa akifundishia, bila hata kugeuka kutoka ubaoni, "Nenda kamwagilie mti wako." Ulitoka, ukachota, ukamwagilia, upepo ukakupiga usoni, ukarudi macho makavu. Ndiyo maana pale shuleni hadi leo miti mirefu kuliko yote ni ya wale waliosinzia sana. Wangu unaonekana kutoka barabarani.

Mwalimu Mkuu, baba mmoja mrefu aliyehamishiwa kwetu kutoka Mara, alipita siku moja akakuta watoto wanne nje na makopo.

"Dada, wewe unafundisha au unafuga msitu?"

"Vyote viwili, Mkuu. Wewe ukisinzia ofisini niambie, wako nimeshaupanda."

Mkuu alicheka mpaka akakohoa. Alimpenda, na hilo ndilo lililomtesa, kwa sababu hakuwa na uwezo wa kumwajiri. Alimwandikia barua za kumtambua kila mwaka, zikagongwa muhuri, zikaingia kwenye ndoo.

Nisimfanye kuwa malaika. Alikuwa na subira isiyokwisha kwa mtoto asiyejua kutoa, na hakuwa nayo hata kidogo kwa mbuzi, kwa kuni mbichi, wala kwa dereva wa bodaboda anayesema "nipo njiani" huku kuku wa nyumbani kwake wanasikika. Alikula amesimama. Aligombana na redio. Alisema hajali maneno ya watu, na alijua kila neno ambalo watu walikuwa wamesema. Kubwa kuliko yote lilikuwa hili, na alituambia mwenyewe tukiwa darasa la sita, bila kuulizwa: yeye, mwalimu wetu wa Hisabati, kidato cha nne alipata F ya Hisabati.

Tukatazamana.

"Ndiyo. F," alisema. "Ndiyo maana najua mahali penyewe mnapopotelea. Nimekaa pale miaka mingi."

Kilichokuwa mbele yake ili aajiriwe na serikali tulikijua wote, kwa sababu alikuwa akikisema jioni uani, akichambua mchicha, kama sisi tulivyosema majedwali ya kuzidisha. Mara nyingine alinisimamisha mimi nikiseme, anisahihishe.

"Kidato cha nne," naanza.

"Daraja?"

"La kwanza mpaka la tatu."

"Halafu?"

"Chuo cha ualimu, miaka miwili. Cheti. Cheti cha kuzaliwa. Nakala zote zigongwe muhuri na wakili. Kutuma maombi kwenye mtandao. Usaili wa kuandika. Usaili wa ana kwa ana."

"Umeruka."

"Umri usizidi miaka arobaini na mitano."

"Hapo usiruke, wewe wa nyuma. Ruka pengine, si hapo."

Alipokuja kwetu alikuwa na thelathini na mitatu na daraja la nne. Hesabu yake ilikuwa hiyo: vyote viingie ndani ya ndoo kabla umri haujafunga mlango. Baada ya hapo angeweza kufundisha mpaka azeeke, lakini angekuwa wa kujitolea mpaka azeeke.

Mtihani wa kidato cha nne aliurudia mara tatu, kama mtahiniwa wa kujitegemea, katika shule moja ya sekondari Ruangwa mjini. Mara ya tatu aliingia kwenye chumba cha mtihani akakuta dawati lake liko nyuma ya kijana ambaye yeye mwenyewe alimfundisha darasa la saba. Kijana alipomwona alisimama kwa mazoea. "Shikamoo mwalimu." Wenzake waliotoka shule yetu nao wakasimama. Waliotoka shule nyingine wakaona wenzao wamesimama, wakasimama pia. Msimamizi alikuwa mgeni, akadhani ni mkaguzi kaingia, akaja na daftari la wageni amsainishe.

"Nilimwambia, kaka, mimi namba yangu ni hiyo hapo dawatini," alitusimulia. "Nikaketi. Miguu haikuingia chini ya dawati. Yule mtoto akageuka akaninong'oneza, mwalimu, usiogope, kumbuka za bibi."

Mwaka huo alipata daraja la tatu. Hisabati alipata D, na kuliko masomo mengine yote aliyofaulu vizuri zaidi, D ile ndiyo aliyomwonyesha kila mtu.

Suala la cheti cha kuzaliwa lilimleta kaka yake kutoka Marambo. Alikuja na pikipiki akiwa na wazo lake tayari. Mwalimu alizaliwa nyumbani, cheti hakikuwahi kuandikwa, ilibidi wazee wathibitishe. Kaka aliona hiyo ni bahati.

"Wazee nitakaowaleta watasema mwaka wowote utakaoutaka," alisema. "Punguza mitatu tu, dada. Mitatu. Nani atakuja Marambo kuuliza?"

Mwalimu aliendelea kupepeta mchele. Mama yangu alijifanya anatafuta kitu.

"Kaka," alisema mwishowe, "kesho asubuhi nina darasa la tatu. Nitawaambia andikeni jibu lenu wenyewe, usiangalie la mwenzako, ukikosea acha lionekane, tutalisahihisha pamoja. Hayo nitayasema kwa mdomo upi?"

"Kwa mdomo huohuo uliokosa ajira."

"Basi na ubaki huohuo."

Kaka aliondoka bila kula. Wazee walikuja wiki iliyofuata, wakasema mwaka wa kweli, na mwaka wa kweli ukaandikwa. Nilikuwa darasa la tano wakati huo na nilimwona mpumbavu kidogo. Nilihesabu kwa vidole miaka aliyobakiwa nayo, na vidole vikatosha.

Chuoni, Nachingwea, alikaa miaka miwili na mabinti wa umri wa kuwazaa. Walimwita mama. Kila likizo alirudi kwetu, akafungua darasa bila kuambiwa, na mafunzo yake ya vitendo akaomba aletwe shuleni kwetu. Mkufunzi aliyekuja kumkagua alikaa nyuma, kwenye dawati langu la zamani, akasahau kuandika. Cheti kilipotoka, mama alidhani mambo yamekwisha.

"Sasa si umeshakuwa mwalimu?"

"Nimekuwa mwalimu mwenye cheti, mama. Wa serikali bado."

"Kumbe ni vitu viwili?"

"Ni vitu viwili. Na katikati kuna foleni."

Foleni hiyo ilikuwa ndefu. Mwaka wa kwanza hakuitwa. Mwaka wa pili hakuitwa. Mwaka wa tatu akafanya kosa ambalo, nadhani, ni la watu wa kwetu tu, tunaoishi mahali ambapo mtandao unapatikana juu ya kichuguu cha nyuma ya ghala na mvua ikinyesha haupatikani hata hapo. Habari zetu za serikali tunasomewa. Mtu anakwenda Ruangwa mjini, anaingia stesheneri, kijana wa pale anafungua kompyuta, anamsomea, anarudi na jibu. Siku orodha ya walioitwa kwenye usaili ilipotoka, mwalimu alikuwa anasimamia mitihani ya mazoezi ya darasa la saba, akampigia simu kijana wa stesheneri aliyezoea kumtumia maombi. Kijana alikuwa na watu kumi mlangoni. Alisukuma kurasa kwa kidole, akatazama juu juu, akamjibu, "Sister, haumo. Mwakani, Mungu akipenda."

Aliamini. Alifua nguo jioni nzima.

Siku tisa baadaye alikwenda mjini mwenyewe kununua chaki, akaomba afunguliwe akaunti yake. Ilikuwa imeandikwa kwamba aliitwa kwenye usaili na hakuhudhuria. Jina lake lilikuwa kwenye ukurasa wa karibu na mwisho, mahali ambapo kijana hakufika.

Kijana alikuja hadi uani kwetu kuomba radhi. Alisimama getini na kofia mkononi, na mama alikuwa tayari na mchi. Mwalimu alimletea kigoda.

"Ulisoma kurasa ngapi?"

"Sijui, mwalimu. Kama nusu."

"Na ukajibu zote."

Kijana akainamisha kichwa.

"Umekula?" mwalimu akamwuliza. Akamwekea ugali na kisamvu. Lakini baada ya hapo kwa muda wa kama mwezi hakusema yale masharti yake jioni, na mimi sikuthubutu kuanza. Umri wake ulikuwa arobaini na minne.

Mwaka uliofuata nafasi zilitangazwa tena. Alikuwa na arobaini na mitano, na mwakani hesabu ingemkataa. Aliitwa kwenye usaili wa kuandika, akaufanya, akapita. Akaitwa ule wa ana kwa ana, Lindi mjini. Mama alimkopesha kitenge chake cha Idi. Mimi nilimfutia ndoo vumbi.

Alirudi siku ya pili yake jioni, akakaa kwenye jiwe la kunolea visu, akasema, "Nimekwisha."

Tulimzunguka. Mkuu naye alikuwa amekuja, kwa kisingizio cha kuuliza ufunguo wa stoo.

"Waliniambia nionyeshe ninavyofundisha kugawanya, darasa la tatu," alisema. "Nikatoa korosho zangu kwenye pochi."

"Ulikwenda na korosho kwenye usaili?" Mkuu aliuliza.

"Ningefundishia nini, Mkuu? Nikazimwaga mezani. Wanakamati walikuwa watano, wanatosha kundi moja. Nikawaambia hizi ni za bibi yenu, mgawieni. Wakacheka, wakaanza kugawa. Nikageukia ubao. Halafu nikasikia."

"Ukasikia nini?"

"Kile kimya cha mtu anayesinzia. Nyinyi hamkijui, mimi nakijua. Kulikuwa na baba mmoja wa pembeni, tangu asubuhi wanasikiliza watu, joto, na nadhani walikuwa wametoka kula. Mdomo wangu ukafunguka wenyewe. Nikasema, nenda kamwagilie mti wako."

Mbuzi wa jirani alikuwa anakula kitu ambacho hakupaswa kula na mwalimu hata hakumtazama.

"Ulimwambia mwanakamati," Mkuu alisema polepole.

"Nilimwambia mwanakamati. Bila kugeuka. Kama ninavyowaambia hawa."

"Naye?"

"Alisimama, Mkuu. Alisimama kabisa, akaenda hadi mlangoni, ndipo akashtuka akauliza mti gani."

Mama alikuwa wa kwanza kucheka. Alijaribu kujizuia kwa ukingo wa kanga, ikashindikana. Mkuu akashika ukuta. Mwalimu alitutazama mmoja mmoja kwa hasira, kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na sikujua kama analia au anacheka mpaka nilipoona meno.

"Mwenyekiti wao aliniuliza kama hiyo ndiyo adhabu yangu ya kusinzia," alisema akijifuta macho. "Nikamwambia si adhabu. Mtoto hana kosa, kaamka saa kumi kuokota korosho. Akaandika kitu. Aliandika muda mrefu. Ndiyo hivyo. Nimekwisha."

Wiki zilizofuata hakuna aliyemgusia habari ya usaili. Mimi wakati huo nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimeishia darasa la saba, nalima na mama na kushona mikeka. Siku orodha ya majina ya waliopangiwa kazi ilipotoka, habari zilifika kwa bodaboda. Mkuu alipanda kwenye kichuguu na simu yake, akaipakua, akaja nayo mbio. Wanakijiji walimfuata kama anayebeba maiti au bwana harusi. Kijana wa stesheneri alikuwemo, alikuwa amekuja na pikipiki yake makusudi, akasema yeye atasoma, safari hii atasoma zote.

"Hapana," mwalimu alisema.

"Basi nisome mimi," alisema Mkuu.

"Hapana, Mkuu. Wewe unataka niwemo. Utaliona hata lisipokuwepo." Akaangaza uani. Nilikuwa nimesimama nyuma ya watu, karibu na banda la kuku. "Wewe wa nyuma. Njoo."

Watu wakanifungulia njia. Mkuu akanipa simu.

"Soma unavyosomaga," aliniambia. "Usiruke."

Akaketi kwenye kigoda na ndoo mapajani.

Nilianza ukurasa wa kwanza. Nilisoma kila jina, yote matatu, na shule, na wilaya. Mwanzoni watu walisikiliza kila jina. Baadaye wakaanza kukaa chini. Mtu mmoja akasema kwa taratibu hii tutafunga na kufungua hapahapa. Mama akamwambia mlango uko wazi. Sauti yangu, ambayo shuleni haikufika dawati la pili, ilikuwa inafika hadi barabarani, kwa sababu hapakuwa na sauti nyingine. Kurasa kumi. Kurasa kumi na tano. Kijana wa stesheneri alileta kikombe cha maji, nikanywa nikiwa nimeweka kidole kwenye mstari ili nisipotee. Mwalimu alikuwa amefumba macho. Midomo yake ilikuwa inarudia kila jina baada yangu bila sauti, majina ya watu asiowajua, kama anayewapokea nyumbani.

Kwenye ukurasa wa ishirini na tatu, mstari wa nne kutoka chini, nililiona kabla sijalifikia. Macho yaliniambia niruke, nilitamke sasa hivi. Nilikataa. Nilisoma jina la juu yake hadi mwisho, na shule yake, na wilaya yake. Kisha nikashuka, nikasoma la kwanza, nikasoma la pili, nikasoma la tatu.

Hakufumbua macho.

"Rudia," alisema.

Nikarudia.

"Na shule?"

Nikasoma. Ilikuwa shule ya msingi, Kiegei, wilaya ya Nachingwea.

"Na ule mstari wa juu yake?"

Nikausoma na huo. Alikuwa anahakikisha sijarukia jina lake kwa hamu. Ndipo alipofumbua macho, akafungua mfuniko wa ndoo, akatazama ndani, akaufunga tena. Mama alipiga kigelegele kilichowainua kuku wote bandani, na wanawake wa nyumba za jirani wakakipokea kabla hawajajua ni cha nini. Mkuu aligeukia ukuta. Kijana wa stesheneri alikuwa amekaa chini kwenye mavumbi, ameshika kichwa, anacheka na kulia, kwa sababu deni lake lilikuwa limeshuka mabegani. Mtu akambeba mwalimu, mwingine akabeba ndoo, na hapo mwalimu akapiga kelele mara moja tu, kwamba yeye wanaweza kumwangusha lakini ndoo hapana.

Ijumaa iliyofuata kulikuwa na arusi. Msemaji akashika kipaza sauti. "Walimu wetu wote wapo, karibuni sana." Akapumua. Tukangoja. Akaendelea na wageni kutoka Ruangwa mjini. Niliona mwalimu amekaa katikati ya wale wanne, mikono mapajani, hakupunga mkono, hapakuwa na sababu ya kupunga. Alirudi nyumbani usiku ule akalala bila kufua.

Alipoondoka kwenda kuripoti, shule ilibaki na pengo lake, na sisi hatukujifanya kwamba halipo. Lakini sikusikia mtu hata mmoja akisema heri asingeenda.

Nilikwenda kumtembelea msimu uliofuata. Niliondoka kwetu alfajiri baada ya kuokota korosho, nikapitia Ruangwa, nikapitia Nachingwea, na nilipofika Kiegei mgongo ulikuwa hauna hamu na pikipiki tena. Shule ilikuwa kimya, saa ya masomo. Sikujua nimwulize nani. Upande wa jua wa darasa la mwisho niliona binti mdogo ana kopo, anamwagilia mche usiofika magotini, macho bado yana usingizi.

"Hujambo. Samahani, mwalimu wa kujitolea nitampata wapi?" niliuliza kwa mazoea.

Alifikiri sana. Alitaka kunisaidia.

"Hapa hatuna mwalimu wa kujitolea, dada."

"Nani kakutuma kumwagilia?"

"Mwalimu."

Nilimfuata hadi mlangoni. Mwalimu alikuwa ubaoni, korosho mezani, watoto watano wamezizunguka wanabishana juu ya bibi. Hakusimamisha somo. Alinitazama, akatazama vumbi langu, akanionyesha kwa kidevu dawati la nyuma kabisa, karibu na dirisha. Nikaketi. Juu ya kabati la darasa niliona ile ndoo ya mfuniko wa bluu. Mtoto mmoja aliinuka, akachovya kikombe ndani, akanywa maji, akaifunika vizuri, akarudi kukaa.

Niliegemea ukuta. Sauti ya mwalimu ilikuwa ileile, na nilikuwa nimeamka saa kumi. Sijui nilisikia baki ngapi.

"Wewe wa nyuma," alisema, bila kugeuka kutoka ubaoni. "Nenda kamwagilie mti wako."

Darasa zima likageuka kunitazama. Nilisimama, nikatoka nje, nikachota maji kwenye pipa. Binti mdogo alikuwa amenifuata na ananionyesha kwa kidole. Mwisho wa mstari kulikuwa na mche mmoja usio na mwenyewe.